Bunduki ya Juu ya Kabati

Fundi cherehani alijifanya amesinzia kwenye basi, lakini masikio yake yalikuwa kwenye kiti cha mbele, ambako mwindaji mstaafu alikuwa akimlalamikia muuguzi asiyemjua.

“Eti sheria mpya, bunduki ifungiwe kwenye sanduku la chuma! Ya marehemu baba ilikaa juu ya kabati miaka nenda miaka rudi, na sisi watoto saba hakuna aliyethubutu kuigusa. Zamani adabu ilikuwa adabu, binti yangu.” Mzee akatabasamu, macho yakaenda mbali. “Kitako chake kilikuwa laini kama shavu la mtoto. Na uzito wake! Mkono mmoja hautoshi.”

“Samahani, baba,” muuguzi akauliza taratibu, “uzito huo uliujuaje?”

Basi likasimama. Mzee akashuka bila kuaga, vidole vimekunjika kana kwamba bado ameishika.