Kambere Malachie na Pacha wa Mbuyi

Mapadri wetu, jamaa, majirani, nanyi wajitolea wa makaburi ya wanajeshi ya Beni, familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu Kambere Malachie, na nitasoma yale tu tunayoyajua kwa hakika.

Alizaliwa Masereka tarehe 2 Mei 1959, ingawa kadi ya ubatizo inaandika tarehe 3, nasi tunashika ya mama kwa sababu ndiye aliyekuwepo. Alikuwa mtoto wa kiume wa pili, ndiyo maana akaitwa Kambere. Alisoma shule ya msingi hukohuko, sekondari Butembo, akapata diploma ya serikali mwaka 1979, akajifunza useremala, na mwaka 1984 akafungua atelye, karakana yake mwenyewe. Alimwoa Vagheni kanisani tarehe 12 Julai 1986, Mungu akawapa watoto watano, wanne wako hapa, na Maliro alitangulia mwaka 2001.

Mwaka 2015 jeshi lilimwagiza misalaba ya mbao, akaipeleka Beni mwenyewe, akaona ile ya zamani imelala ndani ya majani, na Jumamosi iliyofuata akarudi na jembe, akajiunga na wajitolea. Mtaani walimtania, "Malachie, kaburi za wazazi wako Masereka ziko na magugu, weye unapalilia watu ya Kinshasa?" naye akajibu kwamba Masereka kuna wajukuu, hawa hawana mtu karibu.

Alikuwa mtu wa kuuliza. Kwetu Wanande jina linasema mtoto ni wa ngapi, na kama ni wa kiume au wa kike, basi mbele ya kila msalaba aliuliza huyu alizaliwa wa ngapi, na askari walinzi wakacheka, "Papa, kwetu jina ni jina tu, hapana sumbua wafu." Mwezi Machi 2022, Mama Ngalula, mwalimu aliyetoka Kasai, alimweleza mbele ya msalaba wa Mbuyi Cyrille kwamba kwao Mbuyi ni pacha anayetangulia kutoka, na anayemfuata huitwa Kabanga. Tangu siku ile kaka yetu hakutulia, kwa kuwa hakuna mtu wa nyumba ya Mbuyi aliyewahi kufika pale, naye alitaka Kabanga ajue pacha wake amelala wapi.

Aliuliza kambini, aliuliza wenye malori na mapadri wa jeshi, kila mara akimtafuta Papa Kabanga, na miaka miwili ikapita bure, mpaka Ngalula alipomsikia akimwuliza kapteni habari za "huyo bwana", akashika kichwa: "Weye Papa Malachie! Nani alikuambia Kabanga ni mwanaume? Kwetu hata mwanamuke ni Kabanga, mradi alitoka nyuma." Hakuna kati yetu aliyewahi kufikiri kwamba jina moja linaweza kuwa la kaka au la dada. Ngalula akatuma ujumbe wa sauti kwa akina mama wa parokia yake ya zamani Mbuji-Mayi, huko Kasai, na mwezi Mei 2024 Kabanga akapatikana, muuza unga wa muhogo, aliyeambiwa tu kwamba kaka yake alianguka upande wa mashariki.

Wakati huo kaka yetu alikuwa amelazwa hapa Butembo kwa ugonjwa wa figo, tangu tarehe 20 Aprili. Walizungumza kwa simu mara moja, na hakumwuliza habari za vita, alimwuliza nani kati yao alilia kwanza, Kabanga akacheka, "Ni mimi, Papa, yeye alinyamaza, mama alisema alikuwa anasikiliza." Kaka yetu alifariki Jumatano tarehe 5 Juni asubuhi, mkewe na binti yake Bénie wakiwa kando yake. Kabanga alifika jana, tukataka kumpeleka makaburini kwanza, akakataa, "Mbuyi amezoea kungoja, tumuzike kwanza huyu."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kulala nasi, maseremala waliolitengeneza jeneza hili bila kuitwa, na wajitolea, ambao kesho baada ya misa wataongozana nasi kumpeleka Kabanga Beni.

Kambere, pumzika kwa amani, Kabanga tunaye, na njia tutamwonyesha sisi.