Mkwe Yuko Majini

Tangu basi litoke Kakamega mjini, Maximilla alikuwa akimsimulia jirani yake wa kiti, mzee Wangila, habari za bwawa la kuogelea ambalo bintiye amemjengea nyumbani. Kwa maelezo yake, hata ndege wa Ulaya siku hizi wanashuka kwake kunywa.

"Na dawa ya maji, mama? Na stima ya pampu?"

"Dawa tunatianga kila wiki. Mvua ikinyesha, tunatia tena."

"Huku mvua inanyesha kila siku."

"Basi ujue si bwawa la mchezo."

Wangila akacheka, akamuuliza anakwenda wapi bila mzigo. Maximilla akatazama dirishani.

"Mume wa binti yangu anaogelea. Nitamwonaje mkwe kifua wazi? Nimempisha."

"Na wewe umeshaogelea?"

"Leo ndiyo ingekuwa mara ya kwanza. Nguo ya kuogelea nimeivaa hapa ndani."

"Mfukuze, mama. Bwawa ni lako."

"Mkwe hafukuzwi."

"Basi lifukie, upande mboga za sukuma."

"Nilifukie, na kijiji kizima hakuna lingine?"

Basi likasimama Mukumu, mwisho wa safari. Wangila akashuka akitikisa kichwa. Maximilla akabaki kitini.

"Nirudishe mjini," akamwambia kondakta, "lakini polepole. Mkwe hajatoka majini."