Mkono wa Wilkin

Kwenye basi dogo la kwenda San Pedro de Macorís, mrushaji wa besiboli Wilkin Paredes alisikia jina lake likitajwa kwenye kiti cha nyuma. Akashusha kofia usoni.

"Wilkin siku hizi anawarushia Wajapani," alisema fundi mmoja.

"Acha uongo, mwanangu. Yuko Meksiko," akabisha mama muuza ndizi. "Na Desemba anakuja kutuchezea nyumbani."

"Mama, Meksiko si walishamwacha? Akaenda Taiwani."

Wilkin alijaribu kukumbuka nchi ipi ilitangulia, akachanganyikiwa. Vyumba vya hoteli vyote vilifanana. Alichokuwa na hakika nacho ni mkono wake wa kulia, uliokataa kuinuka tangu Juni.

Basi likasimama. Mama akamgusa bega. "Kijana, nishushie kikapu changu hapo juu."

Wilkin akanyoosha mkono wa kushoto. Kikapu kikayumba.

"Tumia wa kulia, mwanangu," mama akamwambia. "Ndio wenye nguvu."