Vumbi la Mbao Lililonitenga na Binti Yangu

Wamama, mlipoanza kuimba kwa ibada hii ya ushuhuda nilikuwa bado pale nje ya kanisa, najiuliza kama niingie au nirudi nyumbani. Nimeingia. Nitasema kwa hasira, mnivumilie, maana hasira hii nimekaa nayo peke yangu mwaka mzima na haijapata wa kuisikiliza. Sitataja jina la mtu. Anayejijua atajijua.

Mnajua mume wangu alikuwa seremala. Mnajua pia aliondoka kwenda machimboni, upande wa Kabambare, akasema miezi mitatu. Hajaleta neno mpaka leo. Alituacha mimi na binti yetu, wakati ule wa miaka minne, na randa, na misumeno, na ile mashine ya kusugua mbao ziwe laini, inayotumia betri ya sola. Mimi nilimaliza sekondari, diploma yake ninayo, lakini hapa Kasongo diploma haijanipikia hata sombe, majani ya muhogo tu. Kitu kingine nilichokijua ni mbao. Miaka minne nilikuwa namshikia mume wangu mbao akipiga randa, na mikono ikajifunza bila kuniambia.

Nikaanza kutengeneza vitanda na milango, nje kabisa, mbele ya nyumba. Sikumaliza wiki. Wanaume wa pikipiki walikuwa wanasimama njiani: "Mama, acha hiyo randa, shika mwiko!" Mwingine anajibu: "Muke akipiga randa, bwana atarudi kufanya nini?" Wanacheka hadi wanashika matumbo. Na ninyi wamama hamkucheka, nawapa haki yenu. Mlipita na ndoo zenu kimya. Ule ukimya uliniuma kuliko kicheko.

Basi nikaona haya. Kazi yote nikaiingiza chumba cha mbele, nikafunga mlango, dirisha nikalipigilia magunia ili mtu asinione nikisugua mbao. Tulilala chumba cha nyuma, mimi na mtoto, na katikati palikuwa na pazia tu. Hilo ni kosa langu, sitamtupia mwingine. Niliogopa macho ya watu, nikamfungia mtoto wangu ndani pamoja na vumbi.

Nanyi msiojua vumbi la mbao msidhani ni yale makapi ya randa mnayookota kuwashia moto. Mashine ikisugua mbao nyekundu inatoa unga mwembamba kama wa muhogo uliochekechwa mara mbili. Unakaa kwenye kope. Unakaa juu ya maji ya kunywa, ndani ya bugali, kwenye shuka. Nilikuwa nafagia kila jioni, nikiwa nimefunga mlango, nikijiona mwanamke msafi. Kumbe nilikuwa nauinua tu ili tuuvute upya.

Mtoto akaanza kukohoa. Kisha mimi. Tulikohoa msimu mzima wa mvua. Hapo ndipo jina likapatikana: kifua kikuu. Nani aliyetupima? Hakuna. Mama mmoja aliwaita watoto wake waliokuwa wanaruka kamba na binti yangu: "Mutoke kule! Ile nyumba iko na kifua!" Wakakimbia. Wangu akabaki katikati ya uwanja, kamba mkononi, akiniangalia. Na humu kanisani, Jumapili iliyofuata, benchi langu lilikuwa refu ajabu. Mimi na mtoto upande huu, ninyi wote mmebanana upande ule.

Habari ikafika kijijini Wamaza kwa familia ya mume wangu. Mama mkwe akaja na pikipiki. Hakuketi. Alisema, "Muke wa mutoto wangu, sikuchukii. Lakini huyu mutoto ni damu yetu, siwezi kumuacha afe hapa." Akafunga nguo mbili za mtoto ndani ya kitenge, akampakia. Nitabishana vipi huku nikikohoa?

Ndugu zangu, nawaambia, nyumba isiyo na mtoto ina sauti zake. Nilikuwa nasikia maji yakichuruzika kwenye jagi. Nilikuwa napika kisha najikuta nimegawa sahani mbili. Siku nyingine nilikohoa makusudi, kwa nguvu, ili tu jirani apige kelele na mimi nisikie sauti ya mtu. Hakupiga.

Nikaenda hospitali. Wakapima makohozi, wakaniambia nirudi, wakapima tena. Hakuna kifua kikuu. Waliniandikia karatasi, nikaikunja vizuri, nikaenda nayo Wamaza siku nzima juu ya pikipiki, matope hadi magotini. Mama mkwe aliiangalia karatasi akanirudishia.

"Karatasi haikohoi," alisema. "Mutoto alikuwa anakohoa kwako. Hapa hakohoi. Sasa niambie ugonjwa ni nani."

Alisema kweli. Mtoto alikuwa amenenepa. Alikuwa anakimbiza kuku. Nilikaa jikoni nikalia kwa hasira, na mvua ikaziba njia, pikipiki ikakataa kutoka. Nikalala siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne asubuhi tunamenya muhogo, binti yangu akasema bila hata kuniangalia, "Mama, leo haukukohoa."

Niliweka kisu chini. Kweli. Na jana je? Jana nilikohoa kidogo sana. Nikamgeukia mama mkwe: "Mama, kama ugonjwa ni mimi, mbona na mimi nimepona hapa?" Aliokota kisu changu, akamenya muhogo niliouacha.

Nilirudi Kasongo bila mtoto. Nikafungua mlango wa nyumba yangu, nikakohoa kabla sijavua viatu. Jua lilikuwa linaingia kwenye tundu la gunia, na ndani ya ule mwanga niliona unga wa mbao ukielea, na nilikuwa nimeondoka wiki nzima, sijagusa mashine! Inatosha kumtia mtu kichaa. Niling'oa magunia yote kwa mikono. Nikaufungua mlango wazi. Anayetaka kucheka acheke.

Lakini dirisha peke yake halikutosha. Jirani mmoja, fundi wa pikipiki, alinipa feni iliyotoka kwenye gari lililokufa. "Dada, funga na betri yako ya sola, itavuta." Mimi nikaielekeza usoni ili inipepee. Wamama! Vumbi lilipaa hadi darini, nikatoka nje kama nimechovywa kwenye unga. Nikafikiri tena. Nikatengeneza sanduku la mbao, feni nyuma ikivuta, kitambaa mbele kikizuia vumbi. Ikafanya kazi asubuhi, mchana kitambaa kikaziba, feni ikaanza kulia.

Nilipeleka kitambaa sokoni kwa mshonaji mmoja, mama Muislamu, nikitaka tu kingine kama kile. Akakishika, akacheka. "Mwanangu, umekikaza kama ngoma, kitapumua wapi? Kipige marinda." Marinda? "Ndiyo, kama sketi. Nguo nyingi mahali padogo." Alinishonea hapo hapo, marinda membamba membamba, akaniambia nikitoa vumbi nikilowanishe kwanza. Huyo mama hasali nasi. Alinipa kiti, akanipa maji kwa kikombe chake mwenyewe.

Kwa marinda yale feni ilivuta siku nzima bila kulia. Sakafu sasa naimwagia maji kabla ya kufagia. Pua nafunga kitambaa. Na lile pazia nimeliondoa, nimeweka mlango. Mji mzima nimewatengenezea milango, na mimi nilikuwa nalala nyuma ya pazia!

Miezi miwili sijakohoa. Nikatuma habari Wamaza, na wiki iliyopita mama mkwe akaja peke yake. Akavuta stuli karibu na mashine, akajifunga kitenge cheusi kichwani, akasema, "Fanya kazi." Nilisugua mbao tangu saa nne hadi saa nane. Mwishoni akavua kitenge, akakikung'uta mlangoni, hakikutoa unga, akakitazama mbele na nyuma.

"Ijumaa ukuje umuchukue," akasema. Hakuniomba radhi. Na mimi sikumdai.

Leo ni Ijumaa. Kwa hiyo namshukuru Mungu, namshukuru fundi wa feni, namshukuru mshonaji wa marinda, na mama mkwe, aliyemtoa mtoto wangu kwenye vumbi wakati mimi sijui kama ni vumbi. Ninyi bado siwashukuru, nisiseme uongo kanisani. Ninawaachia neno moja: mtu akikohoa, muulizeni anavuta hewa gani kabla hamjampa jina la ugonjwa. Na wewe unayejificha na kazi yako kwa haya, fungua dirisha.

Pikipiki inanisubiri, sitakaa hadi mwisho. Tukirudi, mkitaka, pigeni hodi kwangu. Mimi upweke nimeshauzoea. Mtoto ana miaka mitano, na sitaki auzoee.