Thressia Lonappan na Kompyuta Ishirini za Wasioona

Padri wetu, ndugu na majirani wa Irinjalakuda, mimi ni Porinju, mdogo wake marehemu, na kwa kuwa sioni ninaisoma historia hii kwa vidole, nivumilieni nikienda polepole.

Dada yetu Thressia alizaliwa hapa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa kwanza wa mzee Lonappan, mwoka mikate, na mama Kochumariam, akasoma shule ya parokia hadi 1985, kisha chuo cha ufundi Thrissur, na tarehe 2 Januari 1990 akaajiriwa kuwa fundi wa mitambo ya simu, kazi aliyoifanya miaka thelathini. Tarehe 11 Januari 1993 alifunga ndoa na shemeji Devassy, wakajaliwa binti mmoja, Jincy.

Nilipopofuka mwaka 2004, yeye ndiye aliyejifunza Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, ili kompyuta inisomee lugha yetu ya Kimalayalamu, na mwaka jana, shule ya wasioona ninakofundisha ilipopewa kompyuta ishirini kuukuu ambazo mifumo ya kawaida ilizilemea, aliamua kujenga mfumo mwepesi mwenyewe kutoka kwenye msimbo, yale maandishi ambayo kompyuta huyageuza kuwa programu, programu moja baada ya nyingine, na kila ujenzi ulipokwama alitafuta kosa la kwanza, si la mwisho, akisema mengine yote ni kelele tu za lile la kwanza.

Figo zilimlaza hospitalini tarehe 6 Februari mwaka huu, kazi ikiwa nusu, shule ikingojea kufunguliwa Juni, nikaishika mimi, kompyuta ikinisomea makosa kwa sauti, na mwezi huu wa Mei, kwa siku tisa mfululizo, ujenzi ulikatika, hata nikampigia simu wodini kumwambia naacha.

"Unakatikia wapi?"

"Jana faili moja, leo jingine, na sijagusa kitu!"

"We bwege, mbona hukusema? Kosa la msimbo lingekukwamisha mahali pale pale kila mara. Hili linahamahama, basi kumbukumbu ya mashine ndiyo mbovu. Zima, fungua, chomoa kadi moja ya kumbukumbu ujaribu."

"Dada, mimi sioni."

"Kwani kadi zinachomolewa kwa macho?"

Nikapapasa, nikachomoa, kadi ya pili ndiyo iliyokuwa mbovu, na tarehe 27 Mei ujenzi ulifika mwisho, nikampigia nikilia.

"Makosa mangapi?"

"Hakuna hata moja."

"Basi futa, ujenge tena, tuhakikishe si bahati."

Nilianza upya siku ile ile, naye akafariki tarehe 29 Mei 2023, saa nne asubuhi, Jincy akiwa amemshika mkono, mashine yangu bado ikijenga, na jana mchana ilimaliza, salama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliotuletea uji wa mchele kila asubuhi, na wenzake wa simu waliochimba kaburi hili kwenye mvua.

Kesho shule inafunguliwa, na watoto watazisikia kompyuta zikiwasalimu kwa lugha yao. Umemaliza, dada, pumzika kwa amani.