Kagwiria na Joto Lisilorudi Nyuma

Usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 14 Mei 2025, familia ya Salesio Njiru ilikaa sebuleni Manyatta ikingoja simu kutoka hospitalini Meru. Iliita alfajiri. Moyo wa Kagwiria ulikuwa umesimama. Kifo tumekitaja kwanza kwa sababu mama yake, Peninah, aliomba wasifu huu usiishie hospitalini.

Marehemu Kagwiria Njiru alizaliwa tarehe 9 Machi 1994, mtoto wa pili, akapewa jina la bibi yake wa Meru. Akiwa darasa la nne aliugua koo, na homa iliyofuata ikaharibu valvu ya moyo. Tangu hapo mama yake alizoea kusikiliza anavyopumua.

Alisoma shule ya msingi Manyatta, sekondari Meru, kisha akafundisha hesabu chuoni Embu huku akisomea uzamifu. Alitafuta njia ya kukokotoa kwa kompyuta jinsi joto linavyosambaa, hatua ndogo baada ya nyingine. Njia za kawaida, ukitaka usahihi mkubwa, hudai hatua moja irudi nyuma, na hapo hesabu ya joto huvurugika. Yeye alitumia namba changamano, ambazo sehemu yake moja huitwa ya kufikirika.

Jikoni alimweleza mama yake hivi: "Githeri ikishapoa, huwezi kuambia joto irudi kwa sufuria. Sasa mimi nikifika hapo napita kando kidogo, lakini bado naenda mbele."

Sokoni walisikia tu neno namba. Baba yake mdogo, Ndambiri, akamwomba afikirie hata sita za jakpoti. Alijibu, "Anko, zangu ni za kufikirika. Hata nikipata zote, hakuna mtu analipa." Ndambiri bado anaisimulia.

Mwaka jana Mugendi wa Timau alikuja na wazee wake kujitambulisha. Harusi ilingoja masomo yaishe. Moyo nao ulikuwa ukidhoofika, na madaktari walimshauri aahirishe kutetea tasnifu yake. Alikataa.

Ameacha wazazi wake, dada yake Nelius, mchumba wake Mugendi, na wanafunzi wengi walio hapa leo.

Tarehe 21 Februari mwaka huu alitetea kazi yake akiwa ameketi. Watahini wakamwomba atoke ili washauriane. Mama yake alikuwa kwenye benchi nje, na chupa ya uji. Alimwona miguu imevimba, akamuuliza wamesema nini.

"Wameniuliza kama nina uhakika."

"Ukasema?"

"Nimesema niko nayo, Mama. Acha kuangalia miguu."

Uji haukunywewa. Walisikia viti vikivutwa ndani. Kisha mlango ukafunguka, na mtahini mkuu akasimama kando kuwapisha.

"Daktari Kagwiria, karibu ndani. Mama, wewe pia ingia."

Bwana ampokee, apumzike.