Deki ya Saa Sita

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, Mwenyekiti wa Kamati ya Marekebisho ya Mitihani, Afisa Mitihani, wahadhiri wetu, wafanyakazi wenzangu wa ofisini, jikoni, bustanini na getini, wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimewekewa wageni ambao hawajafika, mke wangu, ambaye hotuba hii anaisikia leo kwa mara ya saba, na ndugu wageni waalikwa. Nawasalimu kila mmoja kwa cheo chake, na asiye na cheo namsalimu mara mbili.

Leo Ijumaa ninastaafu. Kwa miaka ishirini na sita nimekuwa mtunza ukumbi wa mitihani wa chuo hiki. Nimefungua mlango saa moja asubuhi, nimepanga meza mia mbili na arobaini kwa kamba ili zisikaribiane, nimepiga kengele ya kuanza na ya kumaliza, na baada ya hapo nimepiga deki. Walionitangulia kusema wamenisifu. Wameniita nguzo. Nashukuru, ingawa kazi ya nguzo ni kusimama kimya, na kimya hicho ndicho ninachotaka kukieleza.

Jumatatu ijayo, saa tatu asubuhi, binti mmoja atafanya mtihani wake wa mwisho katika ukumbi ule. Akifaulu atakuwa mwalimu wa hisabati. Akifeli ataondoka chuoni, kwa maana ameshafeli mitihani miwili na kanuni hairuhusu wa tatu. Ile miwili mimi nilikuwepo. Mshereheshaji alimwalika leo apande hapa atoe ushuhuda. Akajibu kwamba ushuhuda wake ni Jumatatu, sasa hivi anasoma.

Wenzake humwita Konokono. Niliposikia mara ya kwanza nilimuuliza kama haoni vibaya.

"Vibaya kwa nini, mzee? Konokono anafika, na anafika na nyumba yake."

Mikono yake haina nguvu. Kalamu huishika kwa vidole viwili, na kila akimaliza nusu ukurasa huiweka mezani akasubiri vidole virudi. Akili yake haisubiri, vidole ndivyo vinavyosubiri. Daktari aliandika barua kwamba katika mtihani wa saa tatu aongezewe dakika arobaini na tano. Barua ilifika kwenye Kamati tarehe nne Machi mwaka jana, na Kamati, napenda kulisema hili mbele ya Mwenyekiti wake, haikubisha hata kidogo. Ilikubali siku ileile. Ni vyuo vingapi vinakubali siku ileile?

Tatizo lilikuwa moja tu. Kanuni inasema ukumbi ufungwe saa sita kamili. Mtihani huanza saa tatu. Dakika zile zingewekwa wapi? Kamati ilikaa vikao vitatu, ikapata jibu: ziwekwe mbele. Binti ataingia ukumbini saa mbili na robo, atapewa dakika zake zote arobaini na tano, kisha saa tatu ataletewa maswali pamoja na wenzake. Muhtasari wa kikao ninao. Umeandikwa hivi: "Dakika ni dakika. Hakuna dakika ya mbele iliyo fupi kuliko dakika ya nyuma."

Ndugu wageni waalikwa, ni nani kati yetu anaweza kuipinga hesabu hiyo?

Tarehe kumi na moja Juni, basi, saa mbili na robo, nilimfungulia mlango. Akaketi meza ya kwanza. Mimi nikaketi mbele yake kama msimamizi, kwa kuwa kanuni haimruhusu mwanafunzi kutumia muda wa nyongeza bila kusimamiwa. Hakuwa na karatasi wala maswali. Tukatazamana. Baada ya dakika kumi nikamuuliza anafanya nini.

"Natumia haki yangu, mzee."

"Na inaendaje?"

"Imebaki nusu saa na dakika tano."

Niliporudi nyumbani nikamsimulia mke wangu. Alikuwa anakunja nguo. Akaniuliza, "Yaani wanamkuna kabla hajawashwa?" Nikamwambia haya ni mambo ya kitaaluma. Akasema, "Kutangulia si kufika, baba watoto," akaendelea kukunja nguo.

Binti alifeli. Mhadhiri wake alinionyesha karatasi: maswali sita ya kwanza yalikuwa sahihi yote, hata nukta, na mawili ya mwisho yalikuwa meupe. Binti akalalamika. Kamati ikayapokea malalamiko kwa uzito, ikaboresha utaratibu. Mara ya pili angepewa kijitabu cha majibu mapema ili aandike jina na namba. Tarehe tatu Desemba aliandika jina na namba. Ikamchukua dakika tatu, na zikabaki arobaini na mbili. Safari hiyo nilipewa na fomu ya kujaza, iitwayo Fomu ya Matumizi ya Muda wa Nyongeza. Penye "Mwanafunzi alifanya nini?" niliandika, "Aliketi." Fomu ikarudishwa kwangu na alama nyekundu: maelezo hayatoshi. Nikaandika, "Aliketi vizuri." Ikapokelewa.

Akafeli tena, kwa maswali mawili yaleyale ya mwisho, meupe vilevile. Kamati ilipoisoma fomu yangu ikagundua kasoro, nayo ni kwamba mwanafunzi hana ujuzi wa kuutumia muda anaopewa. Ikaandaa semina.

Naona mshereheshaji ananionyesha saa. Kaka, ratiba inasema nimepewa dakika kumi. Lakini sherehe ilikuwa ianze saa nane, ikaanza saa tisa, na saa nzima hiyo nilikuwa nimeketi pale nje. Nadhani sasa unaelewa kwamba zile ndizo zilikuwa dakika zangu. Nivumilie kidogo.

Semina ilifanyika tarehe kumi na nne Februari mwaka huu, katika ukumbi uleule. Watumishi kumi na wanane walialikwa kumfundisha mtu mmoja. Ilipangwa kumalizika saa sita. Mwezeshaji alikuwa na picha za kuonyesha ukutani, na picha zilikuwa nyingi, naye alikuwa anaifikia sehemu nzuri iitwayo "Jinsi ya kumaliza kwa wakati". Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo yangu. Saa sita ikapita. Saa sita na robo ikapita. Semina ilifungwa saa saba kasoro robo, watu wakapiga makofi, na paa lilikuwa bado liko juu.

Dakika arobaini na tano baada ya saa sita, ukumbi ulikuwa wazi na hakuna aliyekufa. Binti alikuwa ameketi mbele. Akageuka akanitazama mimi, kisha akaitazama ndoo. Nami nikaona aibu ambayo sijawahi kuona tangu niajiriwe.

Nikamfuata Afisa Mitihani pale pale, kabla hajafika kwenye ngazi.

"Mkubwa, kwa nini yule binti haongezewi muda baada ya saa sita?"

"Haiwezekani, mzee. Saa sita ukumbi unapigwa deki."

"Na nani?"

"Sijui jina lake. Kuna mtu."

"Ni mimi."

Akanitazama, akaitazama ndoo. "Kumbe ni wewe unayetuzuia," akasema.

Na alisema kweli. Afisa, usiiname, sikusemi kwa ubaya. Kamati nzima, vikao vitatu, fomu, semina, watumishi kumi na wanane, wote walikuwa wanailinda deki yangu. Hakuna aliyeniuliza kama inaweza kusubiri. Lakini na mimi sikumuuliza mtu. Niliketi mbele ya yule binti dakika arobaini na tano mara mbili, tambara likiwa langu na ndoo ikiwa yangu, nikajaza fomu kwa mwandiko mzuri. Kanuni niliikuta, nikasema kanuni ina wenyewe. Maswali manne yamebaki meupe, na sehemu ya weupe huo ni usafi wangu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka, kwa kipimo chetu. Kamati ilitaka barua kutoka kwa mhusika wa usafi kwamba hana pingamizi deki ikichelewa. Nikaiandika. Ikataka barua hiyo ipitishwe na msimamizi wa ukumbi. Msimamizi wa ukumbi pia ni mimi. Nikaipitisha. Mwenyekiti akanishauri nitumie kalamu mbili tofauti ili isionekane ni mtu mmoja, na ushauri wake ulikuwa mzuri, maana faili lilipita bila swali.

Tarehe mbili Mei binti aliingia saa tatu pamoja na wenzake. Saa sita wenzake wakatoka, yeye akabaki anaandika. Ndoo niliiacha nje. Ukumbi ulikuwa kimya hata nikasikia kalamu yake ikilazwa mezani na kuinuliwa tena. Alimaliza saa sita na dakika thelathini na nane. Nikamwambia bado ana dakika saba.

"Acha nikae tu, mzee. Kukaa nimezoea. Ila leo nimekaa baada."

Alifaulu. Mhadhiri wake alisahihisha karatasi ile mara mbili, akipata alama ileile.

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, sasa nafika kwenye Jumatatu. Kibali kile kimesimama juu ya barua yangu, na barua yangu inakwisha na utumishi wangu, yaani leo saa kumi na nusu. Mtunza ukumbi mpya hajateuliwa. Wiki iliyopita nilimuuliza Mwenyekiti nani ataandika barua ya kutokuwa na pingamizi. Akaniambia kwa masikitiko ya kweli kwamba nafasi ikiwa wazi, hakuna mtu wa kutokuwa na pingamizi. Kwa hiyo Jumatatu utaratibu unarudi wa zamani: saa mbili na robo, ataketi. Nikauliza kama Mheshimiwa anaweza kuandika mstari mmoja. Nikajibiwa kuwa suala litashughulikiwa.

Nami ninaamini litashughulikiwa. Nimeishi hapa miaka ishirini na sita, najua hakuna suala lisiloshughulikiwa. Ila yule binti hana Jumatatu nyingine.

Basi nilikwenda kwa mlinzi wa getini, ambaye ndiye atakayefunga ukumbi. Nikamuuliza ameamriwa nini. Akanisomea: afunge saa sita kamili, isipokuwa kama deki inapigwa, ambapo atasubiri deki ikamilike. Nikamuuliza amri hiyo inasema deki ipigwe na nani. Akaisoma tena kwa kidole. "Haisemi, mzee."

Kwa hiyo, mbele ya hadhira hii, natangaza kazi yangu ya kwanza ya ustaafu. Jumatatu saa sita kamili nitaingia ukumbini na ndoo yangu mwenyewe na tambara langu mwenyewe. Mke wangu amekubali kuniazima vyote viwili. Nitaanzia kona ya mbali na meza ya kwanza, nitakwenda taratibu, bila kugonga ndoo, bila kukohoa. Ukumbi ni mkubwa, na umri wangu mnaujua. Naikadiria deki hiyo kuwa ya dakika arobaini na tano. Vijana mnaocheka kule nyuma, mwenye tambara na aje, mradi avue viatu.

Mheshimiwa, kama jambo hili halifai, kulizuia ni rahisi sana: ni mstari mmoja, na kalamu ninayo hapa. Jumatatu kutakuwa na barua, au kutakuwa na sakafu safi kuliko zote mlizowahi kuziona. Mimi nimejiandaa kwa lolote kati ya hayo mawili.

Nawashukuru kwa miaka yote, kwa maneno mazuri ya leo, na kwa kukaa mkanisikiliza mpaka mwisho. Asanteni sana.